Monita ya gemu kwa hela ya bumu: pima kwanza, nunua baadaye

Bumu limeingia. Umeshalipa kodi ya geto kule Mazimbu, umetenga hela ya msosi, na kuna kiasi kimebaki. Rafiki yako anakwambia, "Chukua monita ya 144 Hz, utawanyoosha wote." Kabla hujapanda SGR kwenda Kariakoo, tulia kidogo. Hela hii ukikosea, hakuna nyingine mpaka bumu lijalo.

Tuanze na hiyo Hz. Ni idadi ya mara ambazo monita hubadilisha picha kwa sekunde moja. Ya 60 Hz huleta picha mpya kila baada ya milisekunde 16.7, ya 75 Hz, milisekunde 13.3, ya 144 Hz, milisekunde 6.9. Ukitoka 60 kwenda 144 unaokoa karibu milisekunde 10 kwa kila picha. Kwenye gemu ya kulenga shabaha, tofauti hiyo unaiona: mwendo unakuwa laini.

Lakini monita haipiki picha, inapakua tu. Kama kompyuta yako inatoa fremu 45 kwa sekunde, monita ya 144 Hz itakurudishia picha zilezile. Ni sawa na kununua sahani kumi wakati wali ni wa watu wanne. Kwa hiyo washa kihesabu cha fremu, cheza nusu saa, andika namba. Ikiwa haifiki 60, monita ya 60 au 75 Hz inakutosha. Ikizidi 100 muda mwingi, hapo 144 Hz ina maana.

Unacheza mtandaoni? Basi angalia na umbali. Mwanga ndani ya nyaya za faiba husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Morogoro hadi Frankfurt ni karibu kilomita 7,000 kwa mstari mnyoofu, hivyo kwenda na kurudi ni milisekunde 70, hata kabla ya foleni za njiani. Johannesburg ni karibu kilomita 2,400: milisekunde 24. Kama gemu yako ina seva huko, ichague. Umeokoa milisekunde 46 bila kutoa hata shilingi, na hakuna monita itakayokupa hizo.

Sasa ukubwa. Inchi 24 yenye pikseli 1920 × 1080 inatosha kwa meza ya geto. Ukipanda hadi 2560 × 1440, pikseli zinatoka milioni 2.07 hadi milioni 3.69. Kompyuta dhaifu itahema, na fremu zitashuka.

Aina ya kioo nayo ina maana yake. TN ina kasi, ila rangi hufifia ukitazama kwa pembeni. IPS hutunza rangi hata mkikaa watatu kitandani kuangalia mpira. VA ina weusi mzito, lakini vitu vya giza vikikimbia huweza kuacha kivuli nyuma. Na ile "1 ms" ya kwenye boksi ni muda wa pikseli kubadili rangi, si Hz, usichanganye.

Mtumba je? Si mbaya, ila nyingi zilikuwa za ofisini, za 60 Hz. Mwambie muuzaji aiwashe. Weka picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, nyekundu, kijani na buluu. Pikseli iliyokufa itajitokeza kama nukta. Geuza nyuma uone matundu: kama ni VGA pekee na kompyuta yako ina HDMI, kibadilishi ni gharama nyingine. Uliza pia ni tundu lipi linalofikisha Hz zote, maana kwenye baadhi ya monita ni DisplayPort tu.

Ukifika nyumbani, ingia kwenye mipangilio ya skrini ya Windows uhakikishe Hz. Wapo walionunua 144 wakacheza kwa 60 miezi mizima bila kujua. Halafu usiielekeze dirishani: jua la asubuhi likishavuka Uluguru na kupiga kwenye kioo, adui aliyejificha gizani humwoni, hata kama monita ni ya mamilioni.

Kwa hiyo leo usinunue kitu. Washa kihesabu, andika namba yako. Hiyo ndiyo itakayokwambia hela iende wapi, au ibaki mfukoni.