Altezza, Mark X au Subaru: hesabu ya mtu wa Mwadui

Mtu wa Mwadui akitaka gari la Kijapani lenye mbio, ubishi wa kijiweni huishia kwenye majina matatu: Toyota Altezza, Toyota Mark X na Subaru Forester ya turbo. Ukikaa Maganzo, kandokando ya barabara kuu ya Shinyanga–Mwanza, utayaona yakipita. Wengi huanza kwa kuuliza bei ya Japani. Mimi nauliza kwanza mwaka wa gari, maana hapo ndipo pesa inapoteketea.

Chukua gari ambalo TRA imelithamini dola 4,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani dola 1,000. Kwenye hiyo 5,000, injini inayozidi cc 1,000 lakini isiyozidi cc 2,000 hutozwa ushuru wa bidhaa asilimia 5. Ikizidi, asilimia 10. Altezza na Forester ya cc 2,000 zitalipa dola 250, Mark X ya cc 2,500 italipa 500. Watu huogopa tofauti hiyo, kumbe kubwa liko mbele: gari lililozidi miaka 10 huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, dola 1,500 nzima. La miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15. Juu ya yote hayo inakuja VAT ya asilimia 18.

Altezza iliacha kutengenezwa 2005, kwa hiyo haina pa kukwepea. Mark X ilitengenezwa hadi 2019. Ya miaka ya mwisho itapunguziwa ushuru wa uchakavu, ingawa bei yake ya kununulia iko juu. Altezza, basi, nunua iliyokwisha sajiliwa hapa nchini, hata kama ni ya zamani ya namba C, mradi fundi wako aingie chini aikague kwanza.

Kwenye matunzo Mark X inanipendeza: injini yake ya V6 inatumia cheni ya taimingi. Forester ya turbo ya matoleo ya zamani ina mkanda, nao ukikatika vali zinagongana na pistoni. Plagi zake haziko juu. Ziko ubavuni, zimebanwa na bodi, na fundi asiyezoea Subaru atahangaika nazo asubuhi nzima. Mpate fundi kabla hujapata gari. Mafuta nayo hayana huruma: bei kikomo ya EWURA ya kila mwezi huwa juu zaidi huku kuliko Dar es Salaam.

Hata hivyo, kwa anayeishi huku nachagua Forester. Wilaya yetu ya Kishapu ina udongo wa mbuga, ule mweusi unaoganda kwenye matairi mvua ikinyesha. Forester imeinuka kama sentimita 20 kutoka ardhini na inasukuma kwa magurudumu yote manne. Mark X ya kawaida inasukumwa na magurudumu ya nyuma na iko chini. Nje ya lami utagonga sampo. Kama safari zako ni Mwanza na Dodoma tu, ichukue, ni tamu.

Ukitaka kuvuka mpaka wa Rusumo kwenda Kigali, kata bima ya kadi ya njano ya COMESA kabla ya kuondoka. Rwanda wanaendesha kulia, na usukani wako uko kulia: nyuma ya lori huoni kinachokuja. Abiria wa mbele ndiye anayeona, kwa hiyo asilale, nawe usilipite lori kwa kutegemea turbo.