Jicho Linavyouongoza Mkono: Kipimo Rahisi kwa Wahudumu wa Maeneo ya Machimbo

Mchenjuaji wa dhahabu wa Buseresere, wilayani Chato, anapookota punje ndogo ndani ya karai, mkono wake hupita hatua mbili. Mwaka 1899, mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Woodworth, alibainisha hatua hizo: msukumo wa awali, unaopangwa na ubongo kabla mkono haujaondoka, na marekebisho ya mwisho, yanayoongozwa na macho shabaha inapokaribia. Macho yakifumbwa, au mkono ukienda kasi mno, marekebisho hukosa nafasi.

Taarifa ya jicho huhitaji takriban sekunde 0.1 hadi 0.2 ili kubadili mwendo wa mkono. Kwa sababu ya ucheleweshaji huo, ubongo mdogo, ulioko kisogoni, hubashiri mahali mkono utakapofika, huku neva za misuli na viungo zikieleza mkono ulipo.

Mvuke wa zebaki inayochomwa ili kuitenga na dhahabu hudhuru mfumo huo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda (UNIDO) ulichunguza afya ya wachimbaji wadogo wa Rwamagasa, mkoani Geita. Kutetemeka na kukosa ulinganifu wa mwendo vilikuwa miongoni mwa dalili zilizopimwa.

Mhudumu wa zahanati anaweza kuanza bila mashine. Mgonjwa aguse pua yake, kisha kidole cha mhudumu, mara kadhaa. Mtetemeko unaozidi kidole kinapokaribia shabaha huashiria hitilafu ya ubongo mdogo. Kisha aguse pua akiwa amefumba macho: akikosea sasa tu, huenda neva za hisia ndizo zilizoathirika, na macho yalikuwa yakifidia upungufu huo. Aoneshapo dosari, apimwe pia uwezo wa kuona.

Kipimo hiki hakithibitishi sumu ya zebaki, kwa kuwa pombe, ugonjwa wa tezi ya shingo na baadhi ya dawa pia hutetemesha mikono. Mhudumu aulize kuhusu kazi ya mgonjwa, kisha ampe rufaa ya kupimwa zebaki katika mkojo.

Kwa mchimbaji, kinga ni kutochomea zebaki nyumbani, kutumia chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke, na kuwaweka mbali watoto na wajawazito. Mkono ulioanza kutetemeka usisubiri ushindwe kushika kijiko ndipo upelekwe zahanati.