Mfanyakazi Aliye Ugenini Akitaka Kurudi Shuleni

Mara nyingi habari hufika jioni, kwa simu. Kijana aliye Marekani, ambaye kwa miaka mitatu amewatumia wazazi wake fedha kila mwisho wa mwezi, asema: «Baba, kazi imekwisha. Nataka kuingia chuo tena.» Baba anyamaza. Mama auliza kama mtoto ni mgonjwa. Siku ya Jumapili wajomba wakutana, na mmoja wao hakosi kunena: «Mtu aliyekwisha kupata kazi Ulaya, arudi darasani kutafuta nini? Huyu amepotea.» (Maana kwetu kila nchi iliyo ng'ambo ya bahari ni Ulaya, hata Marekani.)

Wasomaji wapenzi, huenda kijana hakupotea. Huenda yuko katika njia nyembamba ya sheria, na siku zake zahesabika. Leo twataka kueleza njia hiyo: jinsi mtu aliyeingia Marekani kwa viza ya kazi ya muda awezavyo kugeuka kuwa mwanafunzi pasipo kutoka nchini. Kwa sababu jamaa waliobaki nyumbani, wasipoifahamu, waweza kuiharibu bila kujua, na kwa mapenzi mema kabisa.

Tuanze na neno viza lenyewe, maana hapo ndipo wengi wajikwaapo. Viza ni karatasi iliyobandikwa katika paspoti na ubalozi. Kwa sisi wa Kongo, kazi hiyo hufanywa Kinshasa. Shabaha yake ni moja tu: kumfikisha msafiri mbele ya afisa wa mpakani, aombe kuingia. Akisha kuingia, kinachomweka nchini si viza tena, bali ni yale yaliyoandikwa katika hati ya kuingia, iitwayo I-94: ameingia kwa ajili gani, na akae mpaka tarehe gani. Hiyo twaweza kuiita hali yake ya ukaaji. Viza ni kama kubisha hodi; hali ni kiti ulichopewa ulipokaribishwa. Mtu aweza kuwa na viza iliyokwisha muda tangu mwaka jana, na bado akaa kwa haki. Mwingine aweza kuwa na viza ya miaka kadhaa mbele, naye amekwisha kuvunja sheria, kwa kuwa afanya mambo yasiyopatana na kiti chake.

Basi kijana akisema kwa simu, «Nabadili viza», kwa kweli habadili viza. Abadili hali. Tofauti hii yaonekana ndogo kama uzi, lakini tutaona hapa chini kwamba uzi huo waweza kumzuia mtoto asije hata kwenye matanga ya baba yake.

Viza ya kazi tunayoinena huitwa H-1B. Iliwekwa na sheria ya mwaka wa 1990 kwa watu wenye ujuzi wa chuo kikuu, kama wahandisi, wahasibu, waganga wa hospitali na mafundi wa kompyuta. Hutolewa kwa miaka 3, nayo kwa kawaida huongezwa hata kufika miaka 6. Aiombaye si mfanyakazi, bali mwajiri wake. Hapo ndipo penye nguvu yake, na hapo ndipo penye udhaifu wake, kwa maana kazi ikiondoka, kiti nacho chaondoka. Tangu tarehe 17 Januari ya mwaka wa 2017 kanuni yampa aliyeachishwa kazi muda usiozidi siku 60. Na ikiwa tarehe iliyo katika I-94 yafika mapema zaidi, basi ni hiyo. Ndani ya siku hizo haruhusiwi kufanya kazi. Ni lazima apate mwajiri mwingine, au afunge sanduku na kuondoka, au aombe hali nyingine. Hali nyingine ambayo wengi huifikiria ni ile ya mwanafunzi, iitwayo F-1.

Siku 60 ni chache sana. Chuo kikuu hakimpokei mtu kwa kuwa amefika na mfuko mkononi. Ni lazima kwanza akubaliwe na shule iliyosajiliwa na serikali kupokea wageni. Kisha aionyeshe shule kwamba anazo fedha za mwaka wa kwanza, za masomo, chakula na nyumba. Na masomo ya huko mara nyingi hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Shule ikiridhika humpa hati iitwayo I-20. Mwanafunzi alipa ada ya daftari la wanafunzi wageni, iliyopandishwa mwaka wa 2019 kufika dola 350, halafu ajaza fomu I-539 na kuituma kwa idara ya uhamiaji. Ada ya fomu hiyo iliwekwa mwezi wa Aprili 2024: dola 470 kwa karatasi, dola 420 kwa intaneti. Yote haya yatimizwe hali ya zamani ikiwa bado nzima. Aliyechelewa siku moja amechelewa.

Ndiyo maana twawashauri vijana wetu walio huko wasingoje barua ya kuachishwa ndipo waanze kufikiri shule. Tena, aliye bado kazini na atamani elimu zaidi, asikimbilie kubadili hali. Sheria haimkatazi mwenye H-1B kusoma jioni au siku za Jumamosi, mradi aendelee kuifanya kazi aliyoombewa. Wengi walipata shahada kwa njia hiyo, polepole, mshahara ukiendelea kuingia. Kwa maoni yetu, kuingia chuo kwa sababu tu ya kununua siku za kukaa ni biashara ya hasara: mtu atumia akiba ya miaka mitatu kwa masomo asiyoyapenda.

Labda msomaji atauliza: sisi tulio nyumbani haya yatuhusu nini? Yatuhusu sana, na tena kwa njia tatu.

Ya kwanza ni neno lililoandikwa katika sheria ya uhamiaji ya mwaka wa 1952, ambayo ingali yatumika. Yasema kwamba mwanafunzi mgeni ni lazima awe na makao katika nchi ya nje ambayo hana nia ya kuyaacha. Mfanyakazi wa H-1B haulizwi jambo hilo. Tangu mwaka wa 1990 aruhusiwa kufanya kazi ya muda huku akitumaini kukaa daima. Mwanafunzi haruhusiwi tumaini hilo mbele ya afisa. Basi ikiwa mwajiri wake alikwisha kumwombea makao ya kudumu, mambo huwa magumu. Afisa atasema: «Jana mtu huyu alitaka kukaa daima, leo asema atarudi kwao. Tumwamini lipi?» Kijana wa namna hiyo asitume fomu yoyote pasipo kwanza kushauriana na mwanasheria wa kweli, si na rafiki aliyesikia kwa rafiki.

Na yule asiye na jambo hilo, naye hana budi kuonyesha kwamba kwao bado ni kwao. Ni hapo jamaa waweza kusaidia kuliko kwa fedha. Hati ya kiwanja kilichoandikwa kwa jina lake, cheti cha ndoa ikiwa mke amebaki hapa, barua ya wazazi yenye kueleza kazi inayomngoja katika duka au shamba la ukoo: hizo ndizo karatasi zinazonena. Lakini ziwe za kweli! Ndugu mmoja akitengeneza cheti cha uongo kwa huruma, amemtia mtoto katika hatari kubwa, kwa sababu udanganyifu katika maombi ya uhamiaji waweza kumfungia mlango wa Marekani maisha yake yote.

Ya pili ni fedha, na hapa tuseme wazi, kwa maana aibu huwafunga vijana mdomo. Aliyekuwa mfanyakazi akiwa mwanafunzi, mapato yake yakauka. F-1 humruhusu kufanya kazi ndani ya shule tu, muda usiozidi saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Ni kazi ya kupanga vitabu au kuosha sahani, yenye malipo madogo. Nje ya shule hapati ruhusa mpaka amalize mwaka mzima wa masomo, tena kwa idhini. Akiwa na mke aliye naye huko, mke huwa katika hali iitwayo F-2, nayo hairuhusu kazi yoyote; watoto waweza kwenda shule. Bima ya matibabu iliyolipwa na mwajiri imekwenda pamoja na kazi. Kumwambia mtu wa namna hiyo, «Tuma japo kidogo, mdogo wako ameachishwa shule», ni kumsukuma afanye kazi ya kificho usiku. Akikamatwa, amepoteza hali, na shule, na njia ya kurudi kazini pia.

Na kuna mtego mwingine katika jambo hili la kazi, ambao hata wenye elimu hunaswa nao. Kijana aliye bado kazini atuma maombi yake mwezi wa Aprili, akidhani jibu litakuja Agosti. Jibu laja Juni. Tangu siku ile amekuwa mwanafunzi, hata kama darasa halijafunguliwa. Kurudi ofisini kesho yake, ijapo kwa saa moja, ni kosa. Kinyume chake, jibu laweza kukawia mpaka masomo yaanze bila yeye. Hapo amwendee mapema afisa wa wanafunzi wageni shuleni, ili tarehe ya kuanza isogezwe mbele. Zamani mwombaji alilazimika kutuma maombi mengine na mengine ili kuziba pengo kati ya mwisho wa hali ya kwanza na kufunguliwa kwa shule. Mzigo huo uliondolewa mwezi wa Julai 2021. Na tangu mwaka wa 2023 aliye na uwezo hulipa ada ya ziada ili maombi yashughulikiwe kwa muda wa siku 30 za kazi.

Kabla ya kuinena njia ya tatu, tuseme neno juu ya wale wauzao I-20 kwa bei nafuu. Katika jimbo la Michigan palikuwa na chuo kilichoitwa University of Farmington. Kilikuwa na jina, nembo na ukurasa wake wa intaneti. Hakikuwa na mwalimu wala darasa. Watu karibu 600, wengi wao kutoka India, walijiandikisha na kulipa, wakifurahi kwamba waweza kukaa na kufanya kazi pasipo kufungua kitabu. Mwezi wa Januari 2019 ikajulikana kwamba chuo kile kilianzishwa na serikali yenyewe kuwa mtego. Karibu watu 250 walikamatwa. Waweza kusema kwamba serikali haikutenda haki kuwategea watu hivyo, na wako Wamarekani wengi waliosema vilevile. Lakini waliorudishwa makwao hawakurudishiwa miaka yao. Shule isiyokutaka darasani haikupendi.

Sasa njia ya tatu, iliyo nzito kuliko zote. Mwombaji akitoka Marekani maombi yake yakiwa bado mezani, hata kwa siku mbili, maombi hayo yahesabiwa kuwa ameyaacha. Hapa ndipo ule uzi tulioutaja unapovutwa. Alikuwa akibadili kiti. Akiinuka na kutoka nje ya nyumba, hakuna kiti tena cha kubadili. Kwa hiyo baba akiugua mwezi ule, mtoto hawezi kuja bila kupoteza kazi yote aliyoifanya. Hata akisha kukubaliwa, paspoti yake haina viza ya mwanafunzi, ina ile ya kazi tu. Akija kwenye matanga, hatarudi mpaka aombe viza mpya Kinshasa, na ahojiwe upya juu ya nia yake.

Wako wanaoona heri kuanzia huko: waondoka Marekani wenyewe na I-20 mkononi, waomba viza ya F-1 ubalozini, na kuingia tena kwa mlango wa wanafunzi. Njia hiyo yapatia vyote viwili, viza na hali. Lakini ubalozi ukikataa, mtu amebaki Lubumbashi na vyombo vyake viko Texas, na kodi ya nyumba yadaiwa.

Kwa sababu hiyo, kabla kijana hajatuma fomu, na aketi na wazazi wake, japo kwa simu, azungumze nao juu ya jambo ambalo desturi yetu haipendi kulitaja: likitokea la kutokea, nani atasimama mahali pake kaburini, na nani atawaeleza wazee kwamba hakukataa kuja. Awaambie pia jinsi mambo yatakavyokuwa baadaye, kwa maana nusu ya hasira ya jamaa yatoka katika kutokujua. Akimaliza masomo aweza kuomba mwaka 1 wa kazi ya mazoezi, na walio katika sayansi na ufundi waweza kuongezewa miezi 24. Na ikiwa hakuitumia miaka yake 6 yote ya H-1B, mwajiri mpya aweza kwa kawaida kumwombea miaka iliyosalia pasipo kumrudisha kwenye bahati nasibu, kwa kuwa alikwisha kuhesabiwa mara ya kwanza.

Na yule mjomba wa Jumapili naye asomewe haya. Yeye ndiye mara nyingi ashikaye funguo za sanduku lenye hati ya kiwanja.