Kiasi Kipo, Asili Iko Wapi?

Shule ya msingi tulifundishwa kwamba katika sehemu, namba iliyo juu ya mstari ni kiasi na iliyo chini ni asili. Mwanafunzi wa uzamivu anayefika Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na kompyuta iliyosheheni programu za takwimu hulikuta somo hilo upya, ila safari hii majibu hayako nyuma ya kitabu. Kiasi hukipata mapema: wagonjwa wangapi, watoto wangapi wameacha shule, akina mama wangapi wamekopa. Kinachomkimbia ni asili. Wangapi kati ya wangapi?

Swali hili liliwasumbua wengine zamani. Katika hospitali ya misheni ya Kuluva, kusini kidogo mwa Arua, Dakta Ted Williams alikuwa na ada ya kuandika kila kitu: mgonjwa katoka kijiji gani, dalili zilianza lini. Mwaka 1961 alifuatana na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, kwa gari hadi Afrika Kusini na kurudi, safari ya maili 10,000 hivi, wakiuliza hospitali kwa hospitali habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto. Safari hiyo ndiyo inayosimuliwa sana. Mimi daftari za Kuluva zinanivutia zaidi.

Mwaka 1967 Williams, pamoja na Malcolm Pike na Wright, walichapisha uchambuzi wa ugonjwa huo katika wilaya ya West Nile kuanzia 1961 hadi 1965. Nani angewapa idadi ya watoto wa kila kijiji, mwaka baada ya mwaka? Wakafuata njia iliyofunguliwa na Mwingereza George Knox mwaka 1964: usiihangaikie asili, walinganishe wagonjwa wenyewe, wawili wawili. Wagonjwa 30 hutoa jozi 435. Hesabu ni jozi ngapi zilikaribiana kwa mahali na kwa wakati pia, halafu pima bahati peke yake ingetoa ngapi. Jozi zikizidi, kuna jambo. Na zilizidi. Ila daftari zilipofuatwa hadi 1975, mkusanyiko huo ulionekana miaka fulani na kutoweka miaka mingine, jambo ambalo wanaopenda majibu ya mkato hawalitaji.

Waliotaka asili kamili walilazimika kuijenga kwa mikono. Kati ya 1972 na 1974, enzi za Amin, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilichukua damu ya watoto 42,000 wa West Nile, kisha likasubiri nani angeugua. Taarifa iliyotolewa mwaka 1978 ilikuwa na wagonjwa 14. Watoto 42,000 kwa ajili ya 14!

Ule ulikuwa uvimbe, na uvimbe haubishani na anayeuhesabu. Mtafiti wa jamii anahesabu watu wanaohama. Koboko ilimegwa kutoka Arua mwaka 2005. Madi-Okollo ikafuata 2019, Terego na Jiji la Arua 2020. Anayetaka kulinganisha wilaya kwa miaka 20 analinganisha majina tu, maana ardhi iliyo chini ya majina imebadilika. Sensa ilifanyika 2014. Miaka miwili baadaye vita vya Juba, Sudan Kusini, vikamwaga watu mpakani, na mwaka 2017 ikafunguliwa kambi ya wakimbizi ya Imvepi. Uhakiki wa wakimbizi wa mwaka 2018, kwa alama za vidole, uliishusha hesabu ya Uganda nzima kutoka karibu milioni 1.4 hadi karibu milioni 1.1. Sensa iliyofuata ilisubiri 2024. Sampuli yoyote iliyochukuliwa katikati hapo ilisimama juu ya asili iliyokwisha kuondoka.

Makerere ilianzisha taasisi ya takwimu mwaka 1969, na Chuo Kikuu cha Muni, pale pale Arua, kilianza kupokea wanafunzi 2013. Kanuni zinafundishika. Lakini chukua neno moja tu, kaya. Dodoso husema ni watu wanaokula chungu kimoja. Mama ameandikishwa katika kambi ya wakimbizi ya Rhino Camp, watoto wamepangiwa chumba Arua ili wasome, baba kavuka mpaka kwenda Yei, Sudan Kusini, kuangalia shamba. Vyungu vitatu, familia moja. Modeli ya ngazi nyingi, fahari ya tasnifu za siku hizi, inataka mtu akae ndani ya kaya moja, kaya ndani ya kijiji kimoja, kama maganda ya kitunguu. Na anayekosekana siku ya mahojiano hakosekani kwa nasibu: mara nyingi ndiye mchuuzi anayeishi kwa kuvuka mpaka, yaani yule yule aliyefuatwa na utafiti. Kuijaza nafasi yake kwa wastani wa waliobaki nyumbani ni kumfuta mara ya pili.

Ningekuwa msimamizi, ningemtuma mwanafunzi Koboko kwa muhula mzima bila kompyuta, akapige hodi na mhojaji anayejua Kikakwa, Kilugbara na Kiswahili cha sokoni. Swali la kwanza la fomu ni mko wangapi hapa. Lina majibu mawili, la leo na la kwenye kadi ya ukimbizi, na fomu ina kisanduku kimoja.