Kable Mbili, Adresi Moja



Wengi wametuuliza kwa nini sanduku la mafaili la sale ya informatiki "lilipotea" siku tatu, wakati sisi wa mwaka wa mwisho tulikuwa tunatafuta humo maswali ya zamani ya Mtihani wa Serikali. Wengine walisema diski imekufa, wengine walisema ni mkono wa mtu. Hapana! Sanduku lilikuwa palepale juu ya meza, taa inawaka. Kilichobadilika ni adresi tu. Tumeona vema kuwaeleza, ili sisi tukiisha kwenda, wadogo zetu wasihangaike.

Sanduku hili ni kompyuta ndogo isiyo na kioo wala klaviye. Iko na diski mbili ndani, na kazi yake ni kutunza mafaili na kuyagawia kompyuta zingine. Kable yake inaingia katika swichi, pale kable zote za sale zinapokutana.

Adresi. Kila chombo kina adresi ya namba nne, mfano 192.168.1.10. Adresi zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa matumizi ya ndani. Shule yoyote inaweza kuzitumia bila kuomba ruhusa, hata kama haina intaneti. Iko tena maski, 255.255.255.0. Maana yake: namba tatu za kwanza ni kijiji, ya nne ni nyumba. Kijiji kimoja kinapata nyumba 254, kwani 0 ni ya kijiji chenyewe na 255 ni ya kuita wote kwa mara moja.

Kwa kawaida ruta ndiyo inayogawa adresi, tena kwa mkopo. Ile usiku umeme ulipokatika, vyombo vyote vilizimika. Uliporudi, sanduku liliomba adresi, likapewa nyingine. Kumbe sisi tulikuwa tunabisha hodi kwenye nyumba ya zamani!

Dawa ni kulipa sanduku adresi isiyobadilika:

1. Angalia kwanza ruta inagawa toka namba gani hadi gani. Yetu inagawa toka 20 hadi 200.
2. Chagua namba nje ya hapo. Sisi tulichagua 10. Ukichagua ndani, siku moja ruta itampa mwingine namba hiyo, na wawili watagombana.
3. Weka maski ileile ya kompyuta zingine.
4. Mlango wa kutokea ni adresi ya ruta. Unahitajika tu kama sanduku linakwenda nje ya mtandao wa shule.
5. Ukiisha kukubali, ukurasa utakatika. Usiogope; fungua tena kwa adresi mpya.

Kable mbili. Nyuma ya sanduku kuna matundu mawili ya kable. Tulifikiri: tukiunganisha mbili, kila mtu atapata mwendo mara mbili. Tulikosa. Fikirini robine mbili penye kisima. Bido yako inajazwa na robine moja tu, kwa hiyo haijai haraka zaidi. Lakini foleni inapungua. Ni vivyo hivyo: kompyuta moja inapita kable moja, watu wengi wanagawanyika. Na diski zikiwa za polepole, kable haisaidii kitu.

Tena kufunga kable pamoja ni mapatano ya watu wawili. Iko kanuni inayoitwa LACP, iliyotolewa mwaka 2000. Sanduku na swichi lazima zote mbili ziijue na zipangwe sawa. Sisi tulipanga sanduku peke yake, litume kwa zamu katika kable zote mbili. Swichi ikaona sanduku moja kwenye matundu mawili, ikachanganyikiwa, na sale nzima ikawa polepole kuliko zamani.

Swichi yetu ni ya bei ndogo, haipangwi. Basi tukachagua njia nyingine: kable moja inafanya kazi, ya pili inangoja. Njia hii haiombi swichi kitu. Haiongezi mwendo, lakini inaokoa. Ni kama kituo cha umeme cha Ruzizi II, hapa kwetu Mumosho, kilichoanza mwaka 1989 na ambacho kina mashini tatu: moja ikisimama, zingine zinaendelea.

Kumbukeni: kable zikiisha kufungwa, zinakuwa na adresi moja, si mbili. Kwa hiyo funga kable kwanza, halafu uweke adresi.

Mwishowe tulijaribu. Mwalimu alichomoa kable moja wakati tulikuwa tunasoma. Hakuna aliyejua, mpaka alipoionyesha mkononi.

Adresi tumeiandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya sanduku. Tafadhali msiibandue. Siku tatu tulizopoteza hazitarudi kabla ya mtihani, lakini ninyi mnaobaki msipoteze hata moja.