Pedali ya gitaa: mzazi, jua kabla ya kununua
Matemwe, pwani ya kaskazini mashariki ya Unguja, gitaa laweza kumpatia kijana kibarua hotelini. Akiomba pedali ya kidijitali, usidhani ni mchezo tu. Kwa kukanyaga kitufe hupata mwangwi au mkwaruzo, na sauti aliyoipanga nyumbani huhifadhiwa hadi siku ya onyesho. Akivaa hedifoni, hufanya mazoezi usiku bila kumwamsha mdogo wake. Ila sauti iwe ndogo, masikio hayana spea. Adapta nayo ifuate volti na alama za chanya na hasi zilizoandikwa kwenye pedali, la sivyo yaweza kuungua. Na kila siku aanze mazoezi pedali ikiwa imezimwa: hupamba sauti, haisahihishi vidole.