Damu peke yake haitoshi, mama

Mama wa miaka 63 alirudi kliniki na uvimbe kwenye titi la kushoto. Miezi minne kabla nilikuwa nimemwomba tuchukue kinyama kwenye uvimbe huo kikapimwe, akatoweka. Binti yake ndiye aliyenieleza: "Dokta, tulikuwa tunachanga pesa tumpeleke mama nje. Tumesikia huko wanaiona saratani kwenye damu tu, bila kuchoma uvimbe."

Sikuwalaumu, maana walichosikia kina ukweli ndani yake. Seli za saratani hubanduka kwenye uvimbe na kuingia kwenye damu. Daktari Thomas Ashworth wa Australia aliziona kwa darubini mwaka 1869, katika damu ya mtu aliyefariki kwa saratani. Kazi ni kuzipata. Mililita moja ya damu ina seli nyekundu kama bilioni tano na nyeupe mamilioni kadhaa. Ya saratani huenda ikawa moja, au isiwepo kabisa.

Kipimo kinachojulikana zaidi, CellSearch, kiliruhusiwa Marekani mwaka 2004. Hutumia mililita 7.5 za damu. Chembe ndogo sana za chuma hunata kwenye protini iitwayo EpCAM iliyo juu ya seli hizo, sumaku ikazivuta, zikatiwa rangi na kuhesabiwa. Seli iliyopoteza protini hiyo hupita bila kunaswa.

Sampuli yenyewe ni ya kudekeza. Kwenye kichupa cha kawaida seli huanza kufa baada ya saa chache, kwa hiyo kuna kichupa maalumu chenye dawa ya kuzihifadhi hadi saa 96. Kinakaa kwenye joto la kawaida la chumba. Ukikiweka kwenye friji, kama tulivyozoea na sampuli nyingine nyingi, umeharibu. Damu ya kwanza kutoka nayo haitumiki kwa kazi hii, kwa sababu sindano inaweza kubeba seli za ngozi zikahesabiwa kuwa za saratani.

Na hesabu hiyo inamsaidia nani? Kwa mgonjwa ambaye saratani ya titi imekwisha kusambaa, seli 5 au zaidi ni dalili kwamba safari ni ngumu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 uliwabadilishia dawa mapema wagonjwa ambao hesabu yao haikushuka. Hawakuishi zaidi ya wenzao. Mwenye uvimbe mpya hawezi kuambiwa na kipimo hiki kama ana saratani au hana. Kinyama ndicho kinachojibu hilo, tena kinaonyesha ni aina gani na dawa ipi inaifaa.

Mama alikuwa kimya muda wote. Mwisho akauliza, "Mwanangu, ukinichoma si utaisambaza?"

Kumbe hilo ndilo lililomzuia. Nikamwambia, "Hapana mama. Sindano hii haifupishi maisha. Ninachokiogopa ni ile miezi minne."

Tulimtia ganzi, tukachukua kinyama siku ileile. Pesa walizochanga bado ziko kwa binti, wanasubiri majibu.